Nilimwambia Hakuna

Mama yangu alikuwa mkunga wa mtaani, na kila mtoto aliyempokea alimwandika. Aliandika Kiswahili chetu hiki hiki kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuo cha Kurani, kutoka kulia kwenda kushoto, kwenye madaftari ya shule yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Siku, mwezi wa Kiislamu, jina la baba, uzito wa kukisia kwa mkono, na chochote kingine alichoona kinafaa kukumbukwa. Kwa kina mama wa Bagamoyo mjini, na kwa wale wa Fukayosi na Miono waliokuja kujifungulia kwa ndugu zao wa mjini, madaftari yale ndiyo yalikuwa ofisi. Yalifika kumi na tisa.

Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, akashikwa na hofu kwamba atayaacha na hapatakuwa na mtu wa kuyasoma. Mimi chuo nilisoma, lakini mwandiko wa mama ulikuwa wa mtu anayeandika huku maji yanachemka jikoni. Tukakubaliana yeye asome, mimi niandike kwenye kompyuta. Nina duka la steshenari karibu na soko, la kuchapa barua, kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti, na nyumbani nina kompyuta kuukuu ambayo mwalimu wangu wa kozi, Dar es Salaam, aliniwekea mfumo wa bure, ule wa kuandika amri kwenye dirisha jeusi badala ya kubofyabofya. Watu hunicheka wakiuona. Mimi niliupenda tangu siku ya kwanza kwa sababu haubembelezi mtu. Unaandika unachotaka, unapewa ulichoandika, basi.

Masika mawili tulikaa hivyo kila baada ya sala ya alasiri, yeye kwenye mkeka, mimi kwenye kiti, mvua ikipiga bati hadi wakati mwingine anarudia maneno mara tatu. Kila habari niliipa faili lake. Nakiri kwamba si yote niliyoyasikia. Mtu akichapa barua za watu kwa miaka mingi, maneno humpitia masikioni yakaingia vidoleni bila kusimama kichwani. Mama anasoma, mimi naandika, huku nawaza kama unga wa kesho upo.

Kuna mambo aliyosita kabla ya kuyasoma. Alikuwa anashusha daftari magotini, anatazama mlangoni, kisha anasema, "Hili la sitara, mwanangu." Mtoto aliyekuja miezi saba baada ya harusi naye kanenepa kama wa miezi tisa. Mwanamke aliyelia siku nzima kwa sababu kazaa msichana wa tano na anaogopa kurudi kwa mama mkwe. Mambo ya namna hiyo niliyafungulia folda yake peke yake, nikaiita sitara, na mama akaridhika.

Mafaili yalipokuwa mengi nikahitaji njia ya kuyapekua. Mwalimu wangu alikuwa amenifundisha amri moja inayoitwa grep. Unaipa neno, nayo inapita faili moja moja na kukuletea kila mstari wenye neno hilo. Ila ina vikorombwezo vingi vya kuandika kila mara, na mimi ni mvivu wa kuandika bure. Bahati nzuri kompyuta inakuruhusu kuitungia jina la mkato: unaandika neno moja lako mwenyewe, na yenyewe kimyakimya inalibadilisha kuwa ile amri ndefu. Neno langu lilikuwa tafuta. Naandika tafuta, naandika jina la baba wa mtoto, na kabla sijashusha pumzi tarehe imekuja. Watu wakaanza kunijia, waliotaka cheti cha kuzaliwa wakati tayari wana mvi, na waliokuwa wakibishana na ndugu zao nani mkubwa. Nilijisikia, siwezi kuficha. Mama alipofariki nikaona kazi yake naiendeleza mimi, tena kwa kasi kuliko yeye.

Yule binti alinijia mwezi wa Maulidi, baada ya barua yake ya posa kujibiwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Miono, ana miaka ishirini na minne, mwembamba, anaongea kwa utaratibu hata unajiona wewe mkorofi. Mama yake alimzaa mikononi mwa mama yangu na akafariki siku ya tatu. Baba yake alimchukua akamlea Fukayosi pamoja na shangazi yake, kwa maziwa ya kopo, ndivyo watu wote tulivyojua, na mimi mwaka ule sikuwapo Bagamoyo. Sasa alikuwa ameposwa na kijana wa mtaa wetu, na mama wa kijana huyo ni shoga yangu wa tangu usichana.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti."

Alikaa ukingoni mwa kiti. Akaniambia kwamba siku ya posa bibi mmoja wa ukoo wao alimshika shavu, akasema mtoto huyu si wa kopo, kuna mtu alimnyonyesha zile siku za mwanzo alipokuwa bado kwa mkunga. Alipoulizwa ni nani, bibi akasema hajui, yeye alisikia tu. Hakuna mtu wa pwani anayehitaji kufafanuliwa uzito wa maneno hayo. Mwanamke akikunyonyesha manyonyo matano ya kushiba kabla hujatimiza miaka miwili, huyo ni mama yako, na watoto wake ni ndugu zako. Huwezi kuolewa na ndugu yako.

"Nataka nijue nilinyonya kwa nani kabla sijaingia kwenye ndoa," alisema. "Nimeshaanza kupita kwa kina bibi wa mtaa huu, nyumba hadi nyumba. Jana nimezunguka tatu. Ila nimeambiwa wewe una mambo yote ya bibi mkunga humo ndani."

Nikaandika tafuta na jina la baba yake. Ukaja mstari: siku aliyozaliwa, na mama yake kufariki siku ya tatu, Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Nikaandika tafuta na neno nyonyesh. Ikaja mistari chungu nzima, yote ya watoto wengine. Nikaisoma mmoja mmoja kwa kidole, na yeye anafuata kidole changu.

"Hakuna," nikamwambia.

"Hakuna kabisa?"

"Mwanangu, mama aliandika hadi kitovu kilianguka siku ya ngapi. Lingekuwepo lingeonekana. Hakuna."

Akanishika mikono yote miwili. "Basi nisiendelee kuwasumbua wazee wa watu," akasema, akicheka. Nikamwambia asiwasumbue, aende akanunue vitambaa. Aliondoka anatembea kama msichana wa shule siku ya kufunga, na mimi nikabaki nimefurahi kana kwamba furaha ile nimeitengeneza mwenyewe.

Miezi ikapita. Kadi za harusi nilizichapa mimi, na shoga yangu alinirudishia mara nne, mara ua liwe kubwa, mara dhahabu iwe ya kung'aa zaidi. Kila Ijumaa mchana kijana alikuwa anamsubiri mwenzake stendi akitoka Miono, anampokea mfuko wa madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha, wanatembea huku wameachiana hatua mbili kwa heshima ya macho ya watu. Niliwaona mara nyingi kutoka dukani. Walipendana, na haikuwa siri.

Jumatatu ya wiki ya harusi akaja bwana mmoja mzee kutoka Lugoba, anataka tarehe yake ya kuzaliwa. Akanitajia jina la baba yake, na mimi nikaanza kucheka kabla sijagusa kompyuta, ikabidi nijifanye nakohoa. Habari ya baba yake naikumbuka vizuri. Yule bwana mkubwa alisimama mlangoni siku mkewe anajifungua, akatishia watu kwa fimbo yake, halafu kusikia kilio cha kwanza cha mtoto akazirai, akapepewa kwa ungo mpaka adhuhuri. Alimwomba mama kwa jina la Mwenyezi Mungu asimwambie mtu. Mama aliponisomea tulicheka siku mbili.

Nikaandika tafuta na jina lake. Kompyuta haikuleta kitu. Ilinirudishia mstari mtupu, ikasubiri.

Nikaandika tena polepole, herufi moja moja. Kimya. Nikamwambia mgeni avute subira, umeme ulikatika asubuhi huenda mashine imechanganyikiwa. Nikaizima nikaiwasha, dawa ya kwanza ya kila fundi asiyejua tatizo. Kimya. Nikawaza kwamba nimesimama kwenye folda isiyo yake. Nikaiuliza niko wapi, ikaniambia niko palepale panapotakiwa. Nikawaza kwamba faili limefutika, na hapo jasho likanitoka, maana nakala nyingine sina. Nikamwomba bwana wa Lugoba arudi kesho, akaondoka ananung'unika kuhusu mashine na watu wanaoziamini.

Alipotoka nikatulia. Mwalimu wangu alitufundisha kwamba kitu kisipofanya kazi usikipige, kigawe vipande, uulize kila kipande swali lake. Nikapekua mafaili kwa macho, folda hadi folda. Faili la bwana wa Lugoba lilikuwepo. Nikalifungua: fimbo, kilio, ungo, vyote vimo. Kwa hiyo faili ni zima na neno limo ndani yake. Nikaacha jina langu la mkato, nikaandika grep yenyewe kwa mkono, yote, na jina la yule baba. Ukaja mstari. Nikaandika tafuta na jina hilo hilo. Kimya.

Basi amri ilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa kwenye jina langu. Nikaiuliza kompyuta, hii tafuta maana yake nini? Unaandika alias, kisha lile neno, inakupa kilichomo. Ikanijibu:

alias tafuta='cd ~/madaftari; grep -rin --exclude-dir=sitara'

Nilisoma mwanzo: nenda kwenye madaftari. Sawa. Pitia folda zote, usijali herufi kubwa na ndogo, taja na namba ya mstari. Sawa. Kisha lile la mwisho: ruka folda ya sitara. Sikuwa na mtu wa kumlaumu, kwa kuwa mfumo ule sikuwahi kumwachia mtu mwingine auguse.

Nikakumbuka. Ilikuwa mama yuko hai. Jirani mmoja alikuja kutafutiwa siku ya mwanawe wa mwisho, akasimama nyuma ya bega langu. Nikaandika jina la mumewe, na kompyuta ikaleta mistari miwili: mmoja wa mwanawe, na mwingine wa mtoto wa mwanamke mwingine, mtaa wa tatu, baba huyo huyo. Jirani aliisoma yote. Akaifunga kanga yake vizuri, akatoka bila kuaga, na nyumba ile haikupona mpaka leo. Mama hakula siku mbili. "Mashine yako haina haya," aliniambia. "Miaka yote hii naingia nyumba za watu natoka nimefunga mdomo, leo wewe unawafungulia watu masanduku ya wenzao. Ifundishe haya, au izime." Nikaifundisha. Iliniwia rahisi mno, maneno mawili tu nyuma ya jina langu la mkato, na tangu siku ile mtu akisimama begani kwangu haoni kisichomhusu. Mama aliomba chai, mambo yakaisha. Nami nikaendelea kuandika tafuta kila siku hadi nikasahau nilichokiweka ndani yake.

Nilikuwa bado nimeshika kidevu, najilaumu kwa kumrudisha mzee wa watu Lugoba bila tarehe, ndipo yule binti aliponijia kichwani. Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama, hapakuwa na pa kwenda. Nikakaa tena, nikaandika grep kwa mkono, na jina la baba yake.

Safari hii ilikuja mistari miwili. Wa pili ulitoka ndani ya sitara. Nikalifungua faili zima, na naweza kulirudia hapa, jina la baba tu nimeliondoa, kwa sababu tangu siku hiyo halijanitoka:

"Mtoto wa marehemu, baba wa Fukayosi. Yuko kwangu siku kumi na moja. Kopo anatapika. Nimemwita mama wa kitoto cha kiume wa nyumba ya pili, ana maziwa tele. Anakuja asubuhi, adhuhuri na alasiri, mtoto anashiba. Mumewe na baba wa mtoto huyu hawasemezani kwa ule mpaka wa minazi, akijua atamkataza. Kwa hiyo nimemwambia mtoto katoka Miono. Allah anisamehe uongo huu. Wakikua waambiwe."

Mama wa kitoto cha kiume wa nyumba ya pili ni shoga yangu. Kitoto chenyewe ndicho bwana harusi.

Nililia kwa hasira kwanza, huzuni ilikuja baadaye. Nilimkasirikia mama. Aliandika waambiwe, akasahau, au alidhani mmoja akilelewa Fukayosi na mwingine mjini hawatakutana. Wazee wale wawili waliogombania minazi walipatana mbele ya jeneza la jamaa yao wakati mama keshaanza kutoona, na hakuna aliyemkumbusha. Halafu nikajikasirikia mimi, maana faili lile limeandikwa kwa vidole hivi. Mimi ndiye niliyeandika waambiwe, mvua inanyesha, nawaza unga.

Sitajifanya kwamba nilinyanyuka moja kwa moja. Nilikaa mpaka adhana ya adhuhuri ikaisha na watu wakarudi kutoka msikitini. Niliwaza kwamba duniani nimebaki mimi tu ninayejua. Shoga yangu anaamini alinyonyesha mtoto wa Miono. Mama amekwenda. Nikilifunga faili, Ijumaa itafika, watoto wataoana na watafurahi, na mtu asiyejua hana dhambi. Hata neno sitara lenyewe lilikuja kunibembeleza. Lakini mama hakumsitiri mtu yeyote ili aingizwe kwenye jambo la haramu amefumbwa macho. Alimsitiri mwanamke asipigwe na mumewe na kitoto kisife njaa, na kazi hiyo iliisha siku ya kumi na moja. Nikatoa nakala kwenye karatasi, nikavaa baibui langu.

Binti alikuwa kwa mjomba wake hapa mjini, amefungiwa ndani anaandaliwa. Somo wake, kungwi anayemfunda, mama mtu mzima mwenye sauti nzito, alinizuia mlangoni. Mwali hatoki, mwali haonekani, kama nina zawadi niiache. Nikamwambia sina zawadi. Alinitazama usoni, akasogea.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kapakwa liwa, ule unga wa msandali wa mabibi harusi, uso mzima hadi shingoni, inaanza kukauka. Aliponiona alitabasamu kwa macho tu, asipasue liwa yake. "Shikamoo shangazi. Kadi zimetosha?"

Nikaketi mbele yake nikamsomea ile karatasi. Nilisoma hadi mwisho, pamoja na waambiwe. Somo alikuwa nyuma yangu, nikamsikia anaanza kumtaja Mungu kwa sauti ya chini.

Binti akaniomba karatasi, akaisoma mwenyewe. Mwalimu huwezi kumzuia kusoma mwenyewe. Kisha akauliza, "Ulitafuta wapi siku ile?"

Nikamweleza. Kuhusu folda, kuhusu jirani, kuhusu jina la mkato. Nilisikia jinsi maelezo yangu yalivyo marefu, na jinsi yasivyomsaidia kitu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, maana ana adabu.

"Shangazi, mimi nilikuwa nazunguka nyumba hadi nyumba," akasema. "Nilikuwa nimebakiza nyumba nne. Ya mama mkwe ilikuwamo. Ungeniambia hujui ningekwenda kumuuliza, na yeye angesema kweli, kuna mtoto alimnyonyesha kwa mkunga mwaka ule. Tungehesabu miezi, tungejua mwezi wa Maulidi. Wewe uliniambia hakuna."

"Nilikwambia."

"Wakati ule nilikuwa simpendi hivi."

Hilo ndilo lililoniumiza, na linaniuma hadi leo. Machozi yalikuwa yanachimba njia kwenye liwa, na somo akaja kumfuta kwa kitambaa cha maji, anamfuta taratibu mpaka uso ukarudi ukawa wa mwalimu wa Miono.

Shoga yangu nilikwenda kumwambia mimi. Alikuwa anachambua mchele na wenzake uani, nikamwita pembeni. Mwanzoni alidhani namtania, maana sisi tunataniana sana. Kisha akakaa chini pale pale kwenye kizingiti. "Kilikuwa na pupa," akasema. "Nilikuwa namwambia mama yako, kitoto hiki cha Miono kitanimaliza. Akawa anacheka." Akapangusa vumbi la mchele mikononi. "Alikuwa anacheka, na anajua." Nikamwambia mama aliandika amesamehewe na Mungu. Kwa kweli aliandika anaomba asamehewe, lakini sikuwa na nguvu ya kusema sawasawa.

Shekhe alipoelezwa aliuliza mambo mawili tu. Alinyonya siku ngapi, na alikuwa anashiba? Akamwuliza shoga yangu kwa mdomo wake kama ndivyo, naye akasema ndivyo. Manyonyo matano ndiyo mpaka, hapa yalikuwa zaidi ya thelathini, hakuhitaji kufungua kitabu. Jioni ile ile kijana alibeba begi akaenda Dar es Salaam, na kadi nilizozichapa wakazunguka nazo tena vijana wa nyumba ile, safari hii kuwaambia watu wasije.

Tafuta bado ninayo. Folda ya sitara bado inarukwa, kwa kuwa mabega ya watu bado yako nyuma yangu. Ila nimeiongezea maneno: kila inapomaliza kazi inaandika chini kabisa kwamba kuna mahali haikutazama. Mtu akiondoka, nakwenda kutazama mwenyewe, peke yangu, kwa mkono. Nilipata tabu kuwakumbuka wote niliowahi kuwaambia hakuna. Nimekwenda Lugoba, nimekwenda Miono, nimebisha hodi kwa watu waliokuwa wameshasahau walichoniuliza, nikawaambia sikuwa nimetazama kote. Wengi walinicheka. Wamenipa maji ya kunywa, wakanicheka.

Yule binti alikuja dukani baada ya mfungo wa Ramadhani. Alisimama upande wa wateja, hakukaa. Alitaka kuchapiwa barua ya kuomba uhamisho, shule yoyote ya kusini itakayokuwa na nafasi. Nilimwandikia. Palipotakiwa sababu akaniambia niandike za kifamilia. Nikatoa nakala mbili, akazisoma zote mbili neno kwa neno kabla ya kutia sahihi, na sikumlaumu kwa hilo.

Alipokuwa anakunja karatasi akauliza, "Mama hajambo?"

Alikuwa anamsema shoga yangu. Nikamwambia hajambo, kila siku anamuulizia, na amemwekea kanga doti mbili.

"Nisalimie sana. Mwambie nitakuja kumwona." Akazitia karatasi kwenye bahasha, akailamba ukingo wake, akaibana kwa vidole mpaka ikashika. "Sasa hivi siwezi. Mwambie anisubiri mpaka nikiweza kumwita mwanawe kaka."